Kinanda Kilipopelekwa Kuhifadhiwa

Mwaka jana kanisa la kijijini kwetu lilirudishiwa kinanda chake. Nilisafiri kutoka ninakoishi sasa nikaenda, ingawa hakuna aliyenialika, nikaketi benchi la nyuma karibu na mlango. Kabla mtu hajakigusa, harufu yake ilinifikia: gundi, mbao zilizopakwa mafuta, na ngozi mpya ya kondoo. Watu wa mbele walikuwa wakipiga vigelegele. Mimi ile harufu ya ngozi ilinitoa nje, nikasimama juani na kina mama waliokuwa wakipika wali wa sherehe. Mmoja wao akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba ni joto tu.

Wa rika langu, tuliokuwa watoto mwaka ule mto ulipokataa kurudi mahali pake, kila mmoja ana jambo lake lililomganda. Wengine wanazikumbuka helikopta zilizodondosha magunia ya unga. Wengine wanawakumbuka ng'ombe wa majirani zetu wafugaji, Waorma, walivyokuwa wakielea wamevimba, na wenye ng'ombe wamesimama ukingoni. Mimi nililoliweka ni neno moja, na jinsi nilivyolielewa.

Kinanda chenyewe, kwa asiyekijua, si kama hivi vya umeme vinavyobebwa kwapani siku hizi. Kilikuwa kama kabati kubwa lililosimama kushoto mwa madhabahu, na juu yake mabomba yamepangwa, ya bati na ya mbao, mengine marefu kunishinda mimi na mengine madogo kama kalamu. Nyuma palikuwa na mivukuto ya ngozi ya kutia upepo, na mpini mrefu wa kuivutia. Wazee walisimulia kwamba wamishonari wa kwanza ndio waliokiagiza kwao Ulaya. Kikaja kwa meli hadi Lamu, kikavushwa mpaka Kipini, kisha kikapandishwa mto kwa mitumbwi, mabomba yamefungwa kwenye mikeka. Walisema siku kilipopigwa mara ya kwanza viboko walitoka majini wakakimbia. Habari za viboko sijui. Ninachojua ni kwamba, wakati wangu, aliyekuwa akikipiga ni mama yangu.

Alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na bibi mmoja wa kizungu ambaye hata jina lake lilikuwa limesahaulika. Jumapili Mama alivua ndara zake akaziweka chini ya kiti, kwa sababu alisema viatu vinamzuia kusikia. Mimi nilikaa sakafuni kando ya zile ndara. Baba alikuwa mwinjilisti wa kanisa hilo, na kabla hajapanda kuhubiri alikuwa na kazi nyingine ambayo watu hawakuiona: alisimama nyuma ya kinanda akivuta mpini. Mama hakuweza kutoa hata sauti moja bila Baba. Na Baba naye angeuvuta ule mpini kutwa nzima. Bila Mama asingepata ila upepo. Nikiwa pale chini niliwasikia wote wawili, Baba akihema na Mama akimhesabia polepole, na nilidhani ndivyo watu wanavyooana.

Maji yalianza kuingia mashambani, na mwanzoni hatukujali, maana mto wetu umezoea kutembea. Sisi ni Wapokomo, na Mpokomo hakimbii maji. Anayangoja, yakiondoka anapanda. Lakini safari hiyo mvua haikukatika. Maji yalipanda ngazi za kanisa, yakaingia, na siku moja tukahamia kwenye mwinuko ulio upande wa Minjila, tukajengewa vibanda vya turubai, kijiji kizima kikakaa pamoja kama abiria. Huko ndiko Mama aliposhikwa na homa. Nakumbuka alivyokuwa akitetemeka chini ya mablanketi matatu huku sisi wengine tukitokwa na jasho.

Baba na wanaume wengine walimlaza kwenye mtumbwi ili wamfikishe mahali ambapo gari lingeweza kupita, wampeleke hospitali ya Malindi. Kabla hawajamwinua aliniita. Nilidhani ataniambia jambo kubwa. Aliniambia nimsaidie Bibi kuteka maji, na nisivae ndara zake, nitaanguka. Kisha wakamwinua. Siku mbili tatu baada ya hapo barabara ikakatika nyuma yao.

Bibi, mama yake Baba, ndiye niliyebaki naye. Alikuwa mtu mkali mwenye mikono ya upole. Habari zilipokuja, zilikuja kwa redio ya polisi wa Garsen, na mtu aliyetumwa kwetu alimwita Bibi nje ya kibanda. Mimi nilikuwa ndani nikichagua mawe kwenye maharagwe ya msaada. Nilimsikia yule mtu akisema kwa sauti ya chini, na maneno yaliyonifikia ni machache: wamemhifadhi kule kule Malindi, mpaka maji yapungue. Bibi alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Alipoingia ndani alinishika kichwa akanibana kifuani pake, na nilipomwuliza Mama yuko wapi, akaniambia, "Amehifadhiwa Malindi, mwanangu. Maji yakipungua ataletwa."

Sikuuliza zaidi, kwa sababu jibu lilikuwa zuri. Neno hilo nililijua. Kila jioni Baba alipoomba aliomba Mungu atuhifadhi mpaka asubuhi, na kila asubuhi tuliamka. Bibi alihifadhi mbegu za mahindi juu ya meko, kwenye moshi, na msimu ukifika alizishusha zikiwa nzima. Kitu kilichohifadhiwa kilikuwa kitu kinachopendwa, kilichowekwa mahali pasipofikiwa na panya, kikingojea wakati wake. Nilifurahi kwamba kuna watu Malindi waliokuwa na akili ya kumweka Mama mbali na maji. Nililala vizuri usiku huo. Bibi alilia, lakini wakati ule kila mtu alikuwa akilia: waliopoteza mpunga, waliopoteza nyumba, waliopoteza mbuzi. Kilio hakikuwa na maana moja.

Baba aliporudi, maji yakiwa yamepungua kiasi cha gari kupita, sikuwapo. Bibi alikuwa amenipeleka Kulesa kwa shangazi yangu. Nilikaa huko nikicheza na binamu zangu na kula samaki, na nyumbani watu walikaa matanga ambayo mimi sikuyaona. Nadhani walitaka kunipunguzia uchungu. Niliporudi mikeka ilikuwa imekwisha kukunjwa. Nilimkuta Baba amekaa mlangoni, amekonda, na mkoba wa Mama uko kando yake. Alinisalimu kwa jina langu, "Rehema, umekuja?" Zamani aliniita "mama", kama akina baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. Sikumwuliza kuhusu Mama. Niliona mkoba nikafikiri: basi ameleta mizigo kwanza.

Shule ilipofunguliwa, msichana mmoja wa darasa letu aliniambia kwamba mama yangu alikufa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema kwamba kesho ni Jumanne. Nikamwambia hakufa, amehifadhiwa Malindi. Nikamweleza vizuri: mtu akifa kunakuwa na kaburi, kunakuwa na sanduku, watu wanaimba, udongo unatupwa. Je, umeona kaburi la mama yangu? Hakuwa ameliona. Wengine walikuja kusikiliza. Mmoja alicheka, kisha wakatazamana, na baada ya siku hiyo hakuna aliyecheka tena na hakuna aliyecheza nami. Waliponiona nikija waliuhamisha mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, mbali kidogo, kama mtu anayemsogezea mgonjwa nafasi. Hata mwalimu alianza kunisemesha kwa sauti laini ambayo niliichukia.

Nilianza kupitisha mchana wangu kanisani. Maji yalikuwa yamekwisha kutoka, yakaacha mstari wa matope ukutani unaonifika kidevuni. Mabenchi yalikuwa nje yakianikwa. Kinanda kilibaki mahali pake kwa sababu hakikuweza kubebwa, na sehemu yake ya chini ilikuwa imevimba. Ngozi ya mivukuto ilikuwa ikikauka polepole, na harufu yake, ya kitu kilichokuwa mnyama zamani, ilijaa kanisa zima. Popo walikuwa wamehamia kwenye mabomba. Nilikaa palepale nilipozoea kukaa, sakafuni, nikakitazama kiti kitupu.

Siku moja nilizunguka nyuma nikaushika mpini. Ulikuwa mzito, nikaning'inia juu yake kwa uzito wangu wote. Mivukuto ikavuta pumzi, na kinanda kikatoa sauti. Ilikuwa sauti moja nene isiyobadilika, bila mtu yeyote kukaa mbele yake. Sasa najua kwamba mbao zilivimba na kibao kimoja cha kubonyeza kilikuwa kimekwama chini. Wakati ule nilifurahi tu kwamba mtu amenijibu. Niliuvuta tena na tena mpaka nikasikia mlango. Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kitasa, akikitazama kile kiti kitupu. Mimi nilikuwa nyuma, hakuniona. Alisimama hivyo mpaka upepo ukaisha na sauti ikafa yenyewe. Kisha akageuka akaenda zake.

Nilitamani aingie. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote ya mwaka ule, kwamba nilikuwa nyuma ya kinanda na Baba alikuwa mlangoni, na kila mmoja wetu alikuwa peke yake humo kanisani. Kazi yake ilikuwa kuwafariji waliofiwa. Alitembea kwa miguu mpaka vijiji vya mbali kukaa na watu asiowajua, na watu walisema ana maneno ya kumtuliza mtu. Nyumbani alikula kimya, akaniuliza kama nimenawa miguu, akazima taa.

Kiangazi kilipokuja alifika fundi kutoka Mombasa. Jina lake lilikuwa Mwakio, Mtaita wa makamo mwenye kofia ya kitambaa, na kazi yake ilikuwa kutengeneza vinanda na piano. Kanisa la Mombasa lilimtuma aje akikague kinanda chetu baada ya kusikia kwamba maji yamekiingia. Alikilalia chini, akaingiza mkono wenye tochi, akanusa, akagonga mbao kwa kidole. Jumapili baada ya ibada aliwaambia watu kwamba kinanda hicho ni cha karne ya kumi na tisa, kwamba nchi nzima hajaona kingine kama hicho, na kwamba mchwa wamekwisha kuingia. Kikibaki pale, mvua mbili tatu zitakimaliza. Kinapaswa kufunguliwa, kipelekwe Mombasa, kihifadhiwe.

Nilikuwa nimekaa sakafuni. Niliposikia neno lile niliinua kichwa.

Watu hawakukubali haraka. Mzee mmoja wa kanisa alisema babu zake walikibeba kile kinanda mgongoni kutoka mtoni, na kitu kikishatoka huku kwenda Mombasa hakijui njia ya kurudi. Wengine wakamuunga mkono. Walikuwa wamepoteza mengi mwaka huo na hawakutaka kutoa kitu kingine kwa mikono yao. Baba, ambaye kila mtu alimngoja aseme, aliitazama Biblia yake. Aliyesimama ni Bibi. Alisema kinanda si cha kutazamwa, ni cha kupigwa, na kwa kuwa aliyekuwa akikipiga hayupo, na hakuna mwenye moyo wa kukaa kwenye kile kiti, basi heri kikahifadhiwe kuliko kuliwa na mchwa mbele ya macho yetu. Sauti yake ilikatika, akaketi. Baada ya hapo hakuna aliyebisha. Fundi Mwakio akaahidi mbele ya kanisa lote kwamba siku kitakapoweza kuimba kitarudi, ila hakutaja mwaka.

Alikifungua kwa siku kadhaa. Aliyatoa mabomba moja moja, akayapuliza kwa mdomo kutoa kinyesi cha popo, na kila moja alilifunga kwa kitambaa lisikwaruzwe. Vitambaa aliviomba kwa kina mama. Wakaja na shuka kuukuu, magunia, mapazia. Bibi alikuja na leso za Mama, zote, amezikunja. Niliiona ile ya manjano yenye alama ya pasi pembeni, ambayo Mama aliivaa akiwa nyumbani, ikifungwa kwenye bomba refu kuliko yote. Fundi aliizungusha kwa uangalifu akaipiga fundo, bomba likawa na kiuno.

Leo najua kwa nini Bibi alifanya hivyo. Leso zilikuwa kwenye sanduku lililokuwa chini ya kitanda chake, na huenda hakuweza tena kulala juu yake. Lakini mimi nilipoona leso zikitoka nyumbani, nilielewa jambo moja tu: Bibi anampelekea Mama nguo. Kila kitu kikakaa sawa. Kinanda chake kinapelekwa kuhifadhiwa, nguo zake zinapelekwa, njia ni ya Malindi. Aliyebaki bila kupelekwa nilikuwa mimi, na nikadhani wamesahau kwa sababu ya kazi nyingi.

Lori lilikuwa la Msomali mmoja wa Garsen aliyezoea kusafirisha mbuzi. Walilifagia, wakatandika majani ya mpunga, wakapakia kinanda kwa vipande. Watu walikusanyika wakaimba. Baba aliomba, akaomba Mungu akihifadhi njiani, kisha akaondoka kwa haraka akisema ana mgonjwa wa kumtembelea. Watu walipofumba macho kwa sala ya mwisho nilipanda gurudumu, nikajipenyeza chini ya turubai, nikalala kwenye majani kando ya lile bomba lenye leso ya manjano.

Sikuogopa. Kulikuwa na giza na joto, na lori lilipopita kwenye makorongo mabomba yaligongana kidogo ndani ya vitambaa vyao. Leso haikuwa na harufu ya Mama tena, ilikuwa na harufu ya sanduku. Hata hivyo niliishika pindo lake. Nilikuwa nikipanga nitakavyomweleza habari zote: kwamba nimeteka maji, kwamba ndara sikuzivaa.

Lori lilisimama Minjila. Siku hizo magari hayakwenda peke yake kwa kuogopa majambazi. Yalingojeana mpaka msafara ukamilike na askari wapande. Nilisikia watu, mbuzi, wanawake wa Kiorma wakitembeza maziwa. Kisha turubai likainuliwa na mwanga ukaingia. Fundi Mwakio alikuwa amekuja kuangalia kamba.

"Wewe ni mtoto wa mwinjilisti."

"Ndiyo."

"Unakwenda wapi humu ndani?"

"Kwa Mama."

"Mama yako yuko wapi?"

"Malindi. Amehifadhiwa," nikamwambia. "Huko mnakopeleka kinanda."

Alivua kofia yake. Nilingoja anicheke au anifokee, lakini alinipa mkono akanishusha, akanikalisha kwenye kivuli cha lori. Dereva, kijana aliyeitwa Abdi, aliambiwa jambo pembeni. Akaninunulia chai ya maziwa, akachuchumaa kando yangu. Haikuhitajika kutuma mtu kijijini. Bibi alikuwa amekwisha kunitafuta, na mtoto mmoja alisema aliniona nikipanda gurudumu. Muda si mrefu nilimwona Baba anakuja juu ya baiskeli ya chifu, suruali ameichomeka kwenye soksi, vumbi limempaka mpaka kwenye kope.

Alikuja na uso wa kunichapa. Fundi akamzuia, akamwambia maneno machache. Niliuona mgongo wa Baba tu. Ulikuwa umenyooka, kisha haukuwa umenyooka. Aliponijia alipiga magoti mchangani mbele yangu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya nje ya kanisa.

"Rehema," akasema. "Mama alikufa."

"Hakufa. Amehifadhiwa."

"Walihifadhi mwili, kwa siku chache tu. Njia haikufunguka. Nikamzika kule kule."

"Mbona mimi sikuambiwa?"

Yeye aliyejua maneno ya kila msiba alikaa akiyatafuta. "Nilidhani bibi yako amekwambia," akasema. "Na yeye, nadhani, alidhani ni mimi."

Nilimwambia simwamini. Nilimwambia anioneshe kaburi. Sikulia, nilikasirika, nikarudia mara nyingi, anioneshe, anioneshe, mpaka watu wakageuka kutazama. Askari walikuwa wanapanda na magari ya mbele yamekwisha kuwasha injini. Baba aliitazama baiskeli ya chifu, akaitazama barabara. Hakuwa na mkoba wala shati la kubadilisha. Abdi akafungua mlango wa nyuma wa lori akasema, "Panda, mwinjilisti. Malindi ni njiani." Baba akaikabidhi baiskeli kwa mwenye duka, akaninyanyua, akapanda.

Tulisafiri tumekaa kwenye majani katikati ya mabomba. Aliiona leso. Hakuuliza nani ameitoa. Aliweka kiganja juu yake, na kwa sauti iliyopotea mara kwa mara kwenye kelele za injini alianza kunisimulia. Alisema Mama aliwachekesha wauguzi. Alisema siku ya mwisho hakuongea, ila vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya shuka, na yeye Baba alikaa akivitazama ajue ni wimbo gani, asijue. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mgeni. Bado nilikuwa nikingoja kuona kwa macho yangu.

Malindi lori lilisimama tukashuka. Fundi akauliza kama tungependa kurudi na leso, angefunga bomba kwa gunia. Baba akanitazama mimi. Nikamwambia fundi aiache, asije akakwaruza bomba. Lori likaondoka kuelekea Mombasa, na kinanda sikukiona tena mpaka mwaka jana.

Makaburi yalikuwa nyuma ya mji, kwenye mchanga mweupe, yamebanana. Baba alitembea mbele kwa haraka kama anayepajua, kisha akapunguza mwendo, kisha akasimama. Alimzika mvua ikinyesha, na sasa palikuwa pakavu na makaburi mapya yameongezeka. Alikwenda kwenye lundo moja, akarudi, akaenda jingine, akainama kusoma vibao. Nilimfuata. Nilimwona jasho likimtiririka, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma mtu mzima. Mchimba makaburi mmoja alitukuta hivyo, akamwuliza ni wa mwezi gani, akatupeleka pembeni kabisa mwa uzio. Kibao kilikuwa kimelala chini. Rangi ilikuwa imefifia, lakini jina la Mama nililisoma mwenyewe, herufi kwa herufi.

Nilichuchumaa nikaushika mchanga. Ulikuwa wa moto. Baada ya muda nikamwuliza Baba nani aliimba.

"Hakuna," akasema. "Tulikuwa mimi na wachimbaji wawili. Nilijaribu, sauti ikakataa."

Tukakisimamisha kibao, tukakishindilia kwa mawe. Hatukuimba hata siku hiyo. Baba alikaa upande mmoja wa lundo nami nikakaa upande wa pili, tukang'oa magugu mpaka mikono yetu ikakutana juu yake, na jua likaanza kushuka.

Jioni tulikwenda steji kutafuta gari la kurudi Garsen siku ya pili, na Baba akaomba kwa mama mmoja mwenye kibanda cha chai tukae hapo mpaka tupate pa kulala. Alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, wale wasioweza kumwona mtoto bila kumsemesha. Aliniwekea mahamri kwenye sahani, akazitazama nywele zangu zilizojaa majani ya mpunga, akacheka.

"Nani amekuacha utembee na kichwa hivi? Mama yako yuko wapi?"

Nilimwona Baba akiinua macho. Alikuwa tayari kunijibia; nilimwona anatafuta neno la kumpa yule mwanamke, neno laini la kupita nalo.

"Mama amekufa," nikasema.

Neno lile lilipotoka ndipo kilio changu kilipokuja, kile chote nilichokuwa sijalia, nikaweka kichwa juu ya meza kati ya vikombe. Nilikuwa najua watoto huambiwa wanyamaze. Baba hakuniambia ninyamaze. Alisogeza kiti chake kikagusana na changu, na pale pale, mbele ya makondakta na wapakiaji magunia, mwinjilisti aliyezika watu wa vijiji vyote vya mtoni alifunika uso wake akalia nami kwa sauti, na mama mwenye chai akasimama mlangoni akitukinga na macho ya watu kwa mwili wake mkubwa.